Pumzi ya Mpiga Pondo

Vijana wa mitumbwi, siku hizi mnapita hapa Idsowe kimya. Nimekaa mlangoni kwangu nasuka mkeka, nasikia pondo la kusukumia likigonga ubavu wa mtumbwi, nasikia maji, lakini mtu simsikii. Zamani mtumbwi ulisikika kabla haujatokeza konani. Akina mama waliokuwa wakichota maji walijua ni nani anakuja, amebeba nini, na kama amegombana na mkewe, kwa kuwa yote hayo yaliimbwa. Juzi nilimwita mmoja wenu, mjukuu wa dada yangu, nikamuuliza mbona haimbi. Akatoa sigara mdomoni ili anijibu. Basi nikawa nimekwisha kujibiwa kabla hajasema.

Sikuwaita hapa niwagombeze. Nani amewahi kusikia kijana akiacha jambo kwa kugombezwa? Nataka niwasimulie kazi yetu ilivyokuwa, na niwasimulie habari za mjomba wangu Hiribae, ambaye mpaka leo sijamwona mtu wa kulinganishwa naye katika mto huu. Mkimaliza kusikia, kila mmoja atapima mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mimi ni Jilo. Nilianza kupiga pondo ndevu hazijaota, nikaacha magoti yalipokataa. Njia yetu ilikuwa ileile miaka yote. Tulitoka vijiji vya juu ya Garsen na mchele, mahindi na tumbaku, tukateremka kupita Golbanti, tukaingia mfereji wa Belezoni mpaka Kau, na kule tukapakia chumvi, nguo na shanga za kurudi nazo. Kuteremka si kazi. Mto wenyewe unakubeba, shughuli yako ni kumwangalia kiboko tu. Kupanda ndiko kunakojulisha nani ni nani.

Na kwanza niwaambie, pondo halisukumwi kwa mikono. Nawaona mnavyohangaika na mabega mpaka yanavimba. Pondo linasukumwa kwa miguu na tumbo; mikono kazi yake ni kulishika lisiende. Ulichomeke kwa mshazari, si wima, na usilizamishe mno penye tope, maana tope la Tana likishika halina huruma. Shemeji yangu Komora, mume wa dada yangu, alilijua hilo vizuri kuliko wote, na bado siku moja lilimwaibisha. Alikuwa na tabia ya kupiga pondo kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kiko. Tukamwonya, akatucheka. Tulipokuwa tunapita Golbanti, pondo lake likanasa topeni, mtumbwi ukaenda, yeye akabaki ameliganda pondo katikati ya mto. Pondo likaanza kulala polepole, naye analala nalo, na watu wa pande zote mbili wametoka mashambani kutazama. Alipozama alizama mwili mzima isipokuwa mkono mmoja ulioshika kiko juu ya maji. Tulipomvuta alikuwa amekunywa nusu ya mto, lakini moto wa kiko ulikuwa haujazimika. Akavuta, akatoa moshi, akatuuliza tunacheka nini.

Huyo ndiye Komora. Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko zetu zote, na alipendwa katika kila bandari. Mkumbukeni, nitarudi kwake.

Sasa mjomba. Hiribae alikuwa ndugu wa mama yangu, mfupi, mpana kifuani, mchoyo wa maneno. Alisimama nyuma kabisa ya mtumbwi na pondo refu kuliko yetu, na kutoka hapo aliongoza. Macho yake yalikuwa kwenye maji wakati wote. Sisi wafanyakazi alituangalia kwa masikio.

Ilikuwa hivi. Unapochomeka pondo na kuanza kusukuma, unaanza ubeti wako. Ubeti unakwisha pale pondo linapong'oka, si kabla. Kisha mwenzako wa nyuma anapokea, na wa nyuma yake anapokea, mpaka unafika kwa mjomba naye anaurudisha mbele. Wageni waliotuona walidhani tunajifurahisha. Kweli tulijifurahisha, lakini mjomba alikuwa anapima vifua. Ukikata ubeti katikati ili uvute hewa, alijua umechoka hata kama wewe unaapa kwa mama yako kwamba hujachoka. Ukikata tena, alikuita jina. "Jilo, kakae." Basi. Unaweka pondo, unaruka mizigo, unakaa katikati ya mtumbwi na kushika upo wa kutolea maji. Aibu yake msiiulize. Watoto wa ukingoni wakikuona umekaa na upo mkononi, wanakuimbia mpaka kijiji kinachofuata, na wa kijiji hicho wanaendeleza.

Msimu wangu wa kwanza niliujua upo kuliko pondo. Nikaona mjomba ananionea. Nikatafuta ujanja: nikawa naimba mbiombio ili nimalize ubeti kabla pumzi haijakwisha. Wenzangu wakanisifu. Mjomba akaniacha mchana mzima, halafu akasema, "Ubeti umefika, mtumbwi haujafika." Nikaenda kukaa na upo wangu bila kuitwa.

Baadaye niliona uzuri wa ile desturi. Mtu aliyechoka na kujikaza penye mkondo mkali ndiye anayeupindua mtumbwi, na mtumbwi ukipinduka mamba haulizi nani aliyechoka. Miaka yote niliyokuwa chini ya mjomba hatukupindua hata mara moja. Nawauliza, nani kati yenu anaweza kusema hivyo?

Tumbaku tuliivuta wote, au karibu wote. Msione ajabu. Tuliibeba kama mzigo, tukalala juu yake, na sehemu ya ujira wetu ilikuwa tumbaku. Alfajiri mto una baridi, na tuliamini moshi unapasha kifua moto. Jioni kuna mbu, na moshi unafukuza mbu. Njaa ikiuma, moshi unaituliza. Kila tulipotia nanga palitolewa kiko cha kibuyu, kile kinachonguruma maji ndani, kikapita mdomo kwa mdomo. Mimi sikuvuta, wala msinipe sifa ya hekima: moshi ulinitapisha, na sikuwa na namna. Mwingine asiyevuta alikuwa Abdalla, mtu wa juu ya mto, wa kule Ndera, Mwislamu mwenye msimamo aliyesema mwalimu wake alimfundisha kwamba tumbaku ni makuruhu. Sisi wawili tulikaa upande wa upepo na kutaniwa. Komora alikuwa akisema mitumbwi mingine ina wanaume, wetu una wanaume na mabibi harusi wawili.

Mvutaji mkubwa kuliko wote alikuwa mjomba mwenyewe. Alianza kabla mama yangu hajazaa. Kiko kikimfikia kilikawia. Asubuhi alikohoa, Komora alikohoa, wote walikohoa. Kikohozi cha Komora ndicho kilichokuwa jogoo wetu. Hakuna aliyekiita ugonjwa. Tulidhani kifua cha mwanamume kinaamka hivyo, kama mlango mzito unavyolia ukifunguliwa.

Na kwa kweli walikuwa na nguvu. Ndiyo maana hili jambo ni gumu kulieleza kwa vijana. Mvutaji anapiga pondo leo, anapiga kesho, anakushinda wewe usiyevuta, na anakucheka. Ubeti wake unapungua kidogo mwaka huu, kidogo mwaka ujao, naye anapunguza msukumo ili vilingane, wala hajui kama amepunguza. Bandu bandu huisha gogo. Mjomba, kwa masikio yake yale, alisikia vifua vyetu vyote. Cha kwake alikuwa hajawahi kukisikiliza.

Kisha yakaja mafua makubwa. Ilikuwa wakati Wajerumani bado wako Witu. Tulifika Kau tukakuta mji mzima unakohoa, maduka nusu yamefungwa, msikitini safu zimepungua. Tajiri wetu wa chumvi alitupokea amejifunika blanketi mchana wa jua kali. Akatuambia homa imekuja na vyombo kutoka Lamu, inampiga mtu mifupa yote, na dawa yake ni moshi. "Vuteni sana, ndugu zangu," alisema. "Moshi ukijaa kifuani, homa haipati pa kukaa."

Maneno hayo yalitufurahisha. Dawa gani nyingine duniani mtu ameimeza maisha yake yote bila kujua? Tukapakia chumvi, na kiko kikazunguka maradufu. Walinilazimisha na mimi nivute, kwa mapenzi kabisa, wakinishika mabega. Nilivuta, nikatapika mtoni, samaki wakafaidi. Abdalla alikataa kwa upole, akafunga kilemba chake puani, akakaa mbele peke yake. Kile kibuyu kilipita kutoka mdomo wa mgonjwa hadi mdomo wa mzima siku zote hizo, nasi tukishukuru Mungu kwa kinga aliyotupa.

Tulipopita Golbanti mjomba alimwambia kijana mmoja wa Kilelengwani, aliyekuwa ana kifua kama ngoma na kiko chake mwenyewe kiunoni, "Wewe ni mgonjwa." Kijana akacheka, akasema hajambo. Mjomba akamwambia ubeti wake umekatika pale ambapo haujawahi kukatika. Mchana kijana alikuwa anatetemeka chini ya turubai. Kesho yake mjomba akamwita mwingine, halafu Abdalla, halafu mimi. Kila mmoja wetu alimjua ni mgonjwa kabla mwenyewe hajajijua. Nilisikia ubeti wangu unakatika nami nikashangaa, maana sikuwa nasikia maumivu yoyote. Jioni nilisikia kila mfupa nilio nao.

Nililala sakafuni mwa mtumbwi juu ya chumvi. Homa ilinichoma, kichwa kiligonga, nikaona hata marehemu babu. Lakini baada ya siku chache iliniachia, na Abdalla vilevile. Tukabaki wembamba, miguu haina nguvu, ila hewa ilikuwa inaingia na kutoka. Wenzetu homa iliwaachia kama sisi, kifua hakikuwaachia. Kikohozi kiliteremka chini kikakaa huko. Walitoa makohozi mazito yenye rangi ya kutu, na walipovuta pumzi uliona mbavu zinaingia ndani. Yule kijana wa Kilelengwani tulimzika ukingoni. Alikuwa mdogo kuliko mimi, na mwenye nguvu kuliko mimi.

Sisemi uongo ili hadithi ipendeze. Mafua yale hayakuchagua. Mama yake Abdalla, ambaye kiko hakukigusa maishani, yalimchukua, na yalichukua wazee na watoto wachanga katika vijiji vyote. Lakini mtumbwini mwetu, nilichokiona ndicho ninachowaambia.

Karibu na Garsen kuna kona ambayo mto hujibana na mkondo unapiga upande mmoja. Tulikuwa tumebaki wachache wa kusimama: mjomba nyuma, Komora akikohoa, Abdalla na mimi tukitetemeka kama ndama waliozaliwa leo. Mjomba akaanza ubeti wake. Ukakatika.

Hakuna aliyegeuka. Tulisukuma tu na kuangalia mbele. Wimbo ukaenda mbele, ukarudi, ukamfikia tena, ukakatika tena, na safari hii tulimsikia akivuta hewa kama mtu aliyetoka chini ya maji. Nilijiuliza tutafanyaje sasa, maana nani wa kumwambia Hiribae? Alikuwa na njia nyingi za kujificha. Angeweza kunyamaza aseme anawaza. Angeweza kusema wimbo basi, tupite kona kwanza. Sisi tungekubali kwa furaha.

"Hiribae," alisema kwa sauti ileile aliyotuitia sisi. "Kakae."

Akang'oa pondo lake, akaruka mizigo, akanipa. Akakaa katikati ya mtumbwi, akashika upo, akaanza kutoa maji. Watoto walikuwa ukingoni pale. Walimtazama na hawakuimba. Vijana wangu, nimewaona watu wakubwa wengi, wa upanga na wa bendera, wakipita mto huu kwa fahari. Siku ile nilimheshimu yule mzee mwenye upo kuliko hao wote, na machozi yalinitoka huku nimeshika pondo lake.

Tulishusha chumvi Garsen ili mtumbwi uwe mwepesi. Wafugaji Waorma waliokuwa wameleta ng'ombe kunywa maji walitupatia maziwa, wakayaweka mchangani wakarudi nyuma ndipo tukayafuata, nao walifanya vizuri. Tukafika nyumbani kama mizigo.

Mjomba aliugua mpaka mvua zikaja. Hakuweza kulala chali. Alilala ameegemea kiambaza. Mkewe, Mama Hadhara, alimpa uji na mvuke wa majani, na kumtoa mekoni penye moshi wa kuni, akampeleka barazani. Pale barazani alisikiliza. Kijiji kizima kilikuwa kinakohoa, naye alikuwa akiniita na kuniuliza: yule anayekohoa hivi ni nani? Anavuta? Na yule aliyenyamaza tangu juzi, amepona au vipi? Nilidhani ni maswali ya mgonjwa. Siku moja akaniambia, "Mvua imenyesha kwa wote, mwana wa dada. Lakini mimi nimekuwa nikitoboa paa langu mwenyewe."

Akasema ameacha. Komora, aliyekuwa amepona kwa shida na bado anahema akipanda ukingo, alicheka mpaka akashindwa kupumua. Alisema mjomba bila kiko ni kama Tana bila maji, akaahidi kumtunzia sehemu yake.

Msidhani ilikuwa rahisi kwa kuwa alikuwa mtu mkubwa. Nilikuwapo. Aligombana na Mama Hadhara, akagombana na kuku, akamrushia kiatu mbuzi wa jirani aliyekuwa anapita zake. Saa za kiko zilipofika aliondoka kwa wenzake akatembea ukingoni peke yake, akitafuna makoma makavu, yale matunda magumu ya mkoma, mpaka taya zinamuuma. Na kikohozi, badala ya kupungua, kikazidi! Hilo mlijue mapema mtakapojaribu: kifua kinaanza kwa kujifagia, na vumbi la miaka mingi ni jingi. Wengi huona hivyo wakasema kiko ndicho kilichokuwa dawa, wakakirudia. Mjomba alivumilia. Ujira wa tumbaku aliukataa, akataka mchele, tajiri akanung'unika mpaka akazoea.

Lililonishinda kuamini ni aliporudi mtumbwini. Pondo refu lilikuwa kwangu. Nilimpa, akakataa. Alisema ubeti wake haujatimia, na desturi ni desturi. Akakaa na upo. Hiribae, aliyetufundisha sote, alitoa maji safari baada ya safari, akiniita "nahodha" bila mzaha, na watoto wa vijiji walipomzoea wakaanza kumwimbia. Alitabasamu. Kila asubuhi alijaribu ubeti wake akiwa amekaa, kisha ananitazama. Nami ndiye niliyepaswa kumwambia mjomba wangu, "Bado." Sijawahi kusema neno gumu kama lile. Angejua kama namdanganya, hivyo sikumdanganya.

Mafuriko yakaja yakapita, mchele ukapandwa ukavunwa. Ubeti uliofika nusu ukafika robo tatu. Asubuhi moja, tunaiacha Golbanti, alisimama, akachukua pondo la kawaida la mtu wa katikati, akachomeka, akaimba, na sauti na pondo vikaisha pamoja. Abdalla alitoa takbira. Mimi nilisahau kupokea, tukagonga ukingo. Hakuwa tena na kifua cha ujana, wala hakutaka tena mahali pa nyuma, alisema masikio yangu yamekomaa. Alibaki mtu wa katikati mpaka mwisho wa kazi yake, na nadhani alikuwa na furaha.

Komora hakuacha. Kila mjomba alipomwambia, alijibu kwamba yeye aliugua na kiko chake akapona nacho, hawezi kumfukuza rafiki. Tulicheka, alikuwa mchekeshaji. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini tuseme kweli, hata sisi hatukumwambia kwa nguvu, kwa sababu tulipenda vichekesho vyake. Beti zake zikawa fupi. Nilipomwita jina akakae, alikaa, akaimba akiwa amekaa, na watu wakampenda vilevile.

Mafua yalirudi baadaye, Waingereza walipokuwa wamekwisha kushika Witu. Hayakuwa makali kama ya kwanza. Mimi niliugua kidogo. Mjomba aliugua zaidi, umri ulikuwa umekwenda, tukaogopa. Lakini alikohoa, akatoka jasho, akaamka mwembamba akadai samaki. Mvutaji wa zamani mwenye nywele nyeupe alipita mlango ule ambao mara ya kwanza karibu umfungie ndani. Kama mnanitaka niwape sababu ya kuacha, vijana wangu, ni hiyo, na sina nyingine. Paa likiachwa kutobolewa linaweza kuezekwa. Hata la mzee.

Komora alianguka wiki ileile. Dada yangu aliniita asubuhi. Nilimkuta shemeji yangu amekaa mkekani, mikono magotini, midomo imebadilika rangi, anavuta hewa fupifupi kwa shingo na mabega. Akilala anakabwa, akiinama anakabwa, na kukaa peke yake nguvu hana. Kiambaza kilikuwa kigumu kwake, mito inateleza. Mjomba alikuja akijikongoja na fimbo, yeye mwenyewe homa haijamtoka vizuri. Alimtazama, akasikiliza kidogo. Kisha akaketi nyuma yake, mgongo kwa mgongo, akamwegemeza.

Akamwambia asihangaike na kitu kingine, asikilize tu mgongoni, na afuate. Akaanza kupumua kwa sauti, polepole, kuvuta na kutoa. Komora akajaribu. Mwanzo alikuwa anamwacha nyuma, pumzi zake zinakimbia. Mjomba hakuongeza haraka. Kidogo kidogo zile fupifupi zikarefuka, mabega yakashuka, na dada yangu akaketi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Walikaa hivyo saa nyingi, wazee wawili wamegeukiana visogo, jasho la mmoja likilowesha kanzu ya mwenzake. Tulipotaka kumpokea mjomba alikataa kwa kichwa.

Adhuhuri Komora alipata nafasi ya maneno machache. Bado alikuwa Komora.

"Mjomba," alisema. "Unazo nyingi hizo. Nigawie."

"Chukua," mjomba akamjibu. "Fuata tu."

Alifuata mpaka jua lilipoanza kuteremka. Nilikuwa nimekaa mbele yake nimemshika mikono, kwa hiyo niliona kichwa chake kikilala begani, na mikono ikawa mizito ndani ya yangu. Nikazunguka upande wa mjomba nimwambie. Lakini mgongo wake ulikuwa umekwisha kumjulisha, machozi yanamtiririka ndevuni, wala hakuinuka. Aliendelea kupumua vilevile, kwa sauti, polepole, kama mtu anayemngoja mwenzake.